Nani anasema "ndiyo" wakati hakuna mtu mbele ya kifaa?

Swali: "Natengeneza mfumo wa Linux wa vifaa vidogo vitakavyokaa mbali, bila skrini wala kibodi. Patisheni zote ni za mfumo wa faili wa ext4. Tunaandika amri yetu wenyewe itakayoita fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, kila kifaa kinapowaka. Mwenzangu ameshaorodhesha machaguo kumi na saba, karibu yote ya herufi moja, na anataka -y (kila swali lijibiwe "ndiyo") iwe chaguo-msingi ili kifaa kisikwame kamwe. Mimi nasita, ila sijui nimjibu kwa hoja gani. Machaguo haya tuyapange vipi?"

Jibu: Una haki ya kusita, na hoja unayoitafuta imo ndani ya -y yenyewe. Chaguo hilo lina maana kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine, ambaye ameona maswali ya e2fsck, mkaguzi wa ext4 anayeitwa na fsck, yakimiminika moja baada ya jingine, akatambua aina ya uharibifu, akaamua kwa hiari yake kwamba yote yajibiwe ndiyo. Hapo kuna mtu, kuna uamuzi, na Mungu akijalia kuna nakala rudufu. Kifaa kinapowaka peke yake saa nane usiku, hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Jibu la "ndiyo" linatolewa na hakuna aliyelisema.

Hatari yake nimeiona kwa macho. Niliitwa kwenye ofisi moja ambako seva ilikuwa imewekewa -y katika skripti ya kuwasha. Diski ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kebo, ikawa diski inasomwa vibaya mara moja moja. e2fsck ikasoma takataka mahali palipokuwa na metadata sahihi (kumbukumbu za mfumo wa faili kuhusu mafaili yenyewe), ikaamini kuwa takataka ndiyo hali halisi ya diski, ikarekebisha. Kila seva ilipowashwa upya, "marekebisho" yaliongezeka. Kufikia siku niliyofika, saraka ya lost+found ilikuwa imejaa mafaili yasiyo na majina, yenye namba tu za inodi, yaani rekodi ya ndani ya kila faili. Laiti programu ingesimama mara ya kwanza na kusema "hapa nashindwa kuamua", wangebadilisha kebo na kuendelea na kazi.

Ndiyo maana e2fsck ina -p. Chaguo hili hurekebisha yale tu yasiyohitaji akili ya mtu: husoma upya daftari la mabadiliko (journal), husawazisha hesabu ya bloku huru isiyolingana, husafisha inodi zilizobaki yatima umeme ulipokatika faili lililofutwa likiwa bado limefunguliwa. Ikikutana na jambo linalotaka uamuzi, hulieleza na kutoka ikiwa na 4 ndani ya namba yake ya kutoka. Hii ndiyo chaguo-msingi ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma katika Linux nyingi, pia wakati wa kuwasha, na sioni sababu amri yenu iende kinyume.

Sasa mpangilio. Kabla hujagusa herufi yoyote, tenganisha maswali matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: diski ikaguliwe au isikaguliwe? Ikikaguliwa, turuhusu marekebisho ya kiwango gani? Na matokeo yakishajulikana, kifaa kifanye nini? Naamini orodha ya mwenzako ilifika kumi na saba kwa sababu kila mchanganyiko wa majibu ya maswali haya ulipewa herufi yake.

Waliounda systemd waliliona hili. Badala ya rundo la herufi, waliweka maneno mawili yanayosomwa kutoka mstari wa amri wa keneli, yaani maneno ambayo kiini cha Linux hupewa kinapowashwa. La kwanza ni fsck.mode, linalopokea auto, force au skip. La pili ni fsck.repair, linalopokea preen (marekebisho salama tu, kama -p), yes au no. La kwanza linajibu swali la kukagua, la pili linajibu swali la kurekebisha, wala halina habari na la kwanza. Unaweza kulazimisha ukaguzi kamili huku umekataza marekebisho yote, na mtu anayesoma mstari huo miaka mitano baadaye ataelewa bila kufungua mwongozo. Nakushauri uige muundo huo hata kama hamtumii systemd. Kwa amri yenu ningeandika --ukaguzi=kawaida, lazima au ruka; na --rekebisha=salama, zote au hapana. Majina haya ni pendekezo tu. Muhimu ni kwamba kila chaguo lina thamani moja kati ya chache zinazojulikana, kwa hiyo hakuna namna ya kuomba mambo mawili yanayopingana kwa mara moja. e2fsck yenyewe inalazimika kuwa na ukaguzi maalumu wa kumkatalia anayeandika -p, -n na -y pamoja, kwa sababu tatu hizo ni majibu ya swali moja yaliyovaa sura ya maswali matatu.

Kuhusu herufi moja moja, naomba usome yafuatayo na mwenzako akiwa kando yako. Katika amri ya shutdown ya sysvinit, mfumo wa kuwashia wa kabla ya systemd, -f ilimaanisha "usikague diski tutakapowaka" na -F ilimaanisha "lazimisha ukaguzi". Herufi ni ile ile, kubwa na ndogo, na maana zinapingana kabisa. Ukienda kwenye e2fsck, -f ndogo ni kulazimisha. Chukua -r: katika fsck ya kawaida ya Linux (ya util-linux) huonyesha takwimu za kila ukaguzi, katika fsck ya FAT humaanisha kurekebisha kwa kuulizana na mtumiaji, na katika e2fsck haifanyi lolote, imebaki tu ili skripti za kale zisivunjike. Chukua -t: kwa fsck ni aina ya mfumo wa faili, kwa e2fsck ni kupima muda. Chukua -l: kwa fsck ni kufunga diski ili mkaguzi mwingine asiingie, kwa e2fsck ni kupokea orodha ya bloku mbovu kutoka kwenye faili. Hakuna aliyekusudia fujo hii. Kila mmoja aliokota herufi iliyokuwa huru kwake siku ile.

Mtego unakuwa mkubwa zaidi kwa sababu fsck yenyewe haikagui chochote. Ni mpiga mbiu tu: inasoma /etc/fstab (orodha ya patisheni za kupachika), inatambua aina ya kila patisheni, inaita fsck.ext4, fsck.vfat na wenzao. Chaguo isilolielewa inalipitisha mbele kama lilivyo. Nayo haiwezi kujua kama chaguo hilo linafuatwa na thamani au la, ndiyo maana mwongozo wake unasema wazi kuwa machaguo yanayopitishwa hivyo yasiwe na thamani inayofuata. Ukiandika -b 32768 kwa matumaini kwamba itamfikia e2fsck kama nambari ya bloku kuu ya akiba, fsck haina njia ya kujua kwamba 32768 ni thamani ya -b. Amri yenu ikiwa ganda juu ya ganda hilo, msirudie kosa. Chaguo lisilojulikana likataliwe papo hapo, kwa 16, ambayo ndiyo namba ya kosa la matumizi. Anayetaka kuzungumza na mkaguzi wa ndani aandike alama ya -- kwanza, kisha maneno yake. Au bora zaidi, mkiwa mna ext4 peke yake, iteni e2fsck moja kwa moja na tabaka zima la kubahatisha litoweke.

Hata hivyo, kuna mambo ya fsck yanayofaa kuchukuliwa. Safu ya sita ya fstab ni mfano mzuri: 1 kwa mzizi (patisheni yenye mfumo wenyewe), 2 kwa patisheni nyingine, 0 kwa isiyokaguliwa. Mzizi hukaguliwa kwanza, peke yake, ukiwa umepachikwa kwa kusoma tu. Zile za namba 2 zinaweza kwenda sambamba kama ziko kwenye diski tofauti, lakini za diski moja husubiriana, kwa sababu sindano ya diski inayorushwa huku na huku kati ya wakaguzi wawili huchelewesha wote wawili. Taarifa hii ni ya patisheni, kwa hiyo mahali pake ni kwenye fstab. Usitengeneze chaguo la kuibatilisha.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo naliona zito kuliko herufi, ni hili: wakati wa kuwasha, machaguo yanatoka wapi? Hakuna mtu anayeandika amri. Desturi ya zamani ilikuwa kuunda faili tupu /forcefsck au /fastboot kwenye mzizi, na skripti ililitazama ilipokuwa inawasha mfumo. Fikiria maana yake. Unashuku mfumo wa faili una hitilafu, na ili uukague unaanza kwa kuuandikia. Ikiwa mzizi umeshajigeuza kuwa wa kusoma tu kwa sababu ya kosa, faili halitaundwa kabisa. Na likiundwa, kisha mzizi usipachikwe tena kwa kuandika, hakuna atakayelifuta, na ukaguzi wa lazima utajirudia kila mara. Mstari wa amri wa keneli hauna udhaifu huo, kwa sababu unasomwa kutoka /proc/cmdline kabla ya diski yoyote kuguswa kwa kuandika. Angalizo ni moja: ukiuweka kwenye faili la programu ya kuwashia, utabaki humo hadi uuondoe. Kwa vifaa vyenu, kama programu hiyo inaruhusu kigeu cha matumizi ya mara moja kinachojifuta, hapo ndipo pa kuweka ombi la ukaguzi wa lazima.

Tuje kwenye swali la tatu, la matokeo. Namba za kutoka za fsck ni biti zinazojumlishwa: 0 hakuna kosa, 1 makosa yamerekebishwa, 2 mfumo uwashwe upya, 4 makosa yamebaki, 8 hitilafu ya uendeshaji, 16 kosa la matumizi, 32 ukaguzi umekatizwa na mtumiaji, 128 kosa la maktaba. Ukipata 3, imerekebisha na inataka kuwashwa upya. Ukipata 5 baada ya kukagua patisheni kadhaa, kuna palipotengenezwa na kuna palipobaki pabovu. Skripti nyingi nilizozisoma zinauliza tu "ni sifuri au si sifuri", na hapo kifaa kilichojiponya vizuri kwa 1 kinatupwa kwenye hali ya dharura kana kwamba kimekufa. Nyingine zinapuuza namba kabisa, na mfumo wenye 4 unapachikwa kwa kuandika juu ya uharibifu. Pima biti moja moja. Amri yenu itoe namba hizi hizi bila kubuni nyingine, kwa sababu kila kinachoizunguka tayari kinazijua.

Kwa 2, weka kikomo. systemd ikiiona kwenye mzizi huwasha mashine upya, na ndivyo inavyopaswa. Lakini kifaa cha mbali chenye diski inayokufa kinaweza kutoa 2 leo, kesho na milele, kikizunguka usiku kucha bila kuripoti. Hesabu mizunguko mahali pasipo kwenye diski hiyo, na baada ya miwili ichukulie kama 4.

Na 4 yenyewe je? Hapa ndipo mwenzako anaogopa, na hofu yake ni ya kweli: kifaa kilichokwama kwenye hali ya dharura bila kibodi ni kopo tu. Hiyo lakini si sababu ya kuvamia kwa -y. Gawanya patisheni kulingana na thamani ya kilichomo. Mzizi uwe wa kusoma tu daima, na kama nafasi inaruhusu, uwe na nakala ya pili ya kuwakia ya kwanza ikishindikana. Patisheni ya vitu vinavyoweza kutengenezwa upya, ikitoa 4, iundwe upya kwa mkfs. Ni salama zaidi kuliko kuirekebisha kwa kubahatisha na kuendelea kuiamini. Patisheni ya data isiyo na mbadala isipachikwe kwa kuandika. Kifaa kiwake bila hiyo, kifungue mtandao, kitume ripoti nzima ya mkaguzi. Akishaisoma mtu na kuamua, na akiwa ameridhika kuwa vifaa vyenyewe havina hitilafu, hapo --rekebisha=zote ina mwenyewe aliyeitamka.

Hata wakati huo, hatua mbili zitangulie. Ya kwanza, e2image, inayonakili metadata muhimu kwenda kwenye faili lililo katika patisheni nyingine. Ya pili, -z ya e2fsck, inayoandika faili la kutengua ambalo e2undo inaweza kulitumia kurudisha bloku zilivyokuwa. Ningefanya iwe lazima: amri yenu ikiombwa kurekebisha zote bila kuambiwa faili la kutengua liwekwe wapi, ikatae. Usumbufu mdogo mahali penye hatari kubwa ni kazi halali ya mbunifu. Tazama btrfs check, mkaguzi wa mfumo wa faili wa btrfs: bila kuambiwa lolote husoma tu, na ukiandika --repair hukupa onyo na kuhesabu sekunde kumi kabla ya kuanza. xfs_repair, ya mfumo wa faili wa XFS, nayo inakataa kuendelea ikikuta daftari la mabadiliko lina kazi ambazo hazijakamilishwa, inakushauri upachike kwanza, na kulifuta kunahitaji -L kwa herufi kubwa.

Kuna jambo linaloua vifaa vidogo kimyakimya: muda. Vingi vina saa ya ulinzi ya maunzi inayowasha upya kifaa kisipoonyesha uhai ndani ya muda fulani. Ukaguzi kamili wa patisheni kubwa kwenye kadi ya polepole unaweza kupita muda huo. Kifaa kinazimwa katikati ya marekebisho, kinawaka, kinaanza ukaguzi upya, kinazimwa tena. systemd haiwekei huduma yake ya fsck kikomo cha muda, kwa makusudi. Ninyi msiongeze chaguo la --muda linalomuua mkaguzi akiwa anaandika. Badala yake tumieni -C ya e2fsck: ukiipa namba ya kielezi cha faili (file descriptor), huandika humo awamu iliyopo, kundi la bloku lilipofikia na jumla yake. Programu ndogo isome mistari hiyo na kuituliza saa ya ulinzi kila maendeleo yanapoonekana. Maendeleo yakisimama kweli, kwa mfano diski imeacha kujibu, saa itafanya kazi yake.

Ukaguzi wa mara kwa mara nitaupitia haraka. Zamani mke2fs, programu inayounda mifumo ya faili ya familia ya ext4, iliweka ukaguzi kila baada ya kupachikwa mara kadhaa, kuanzia 20, kwa idadi iliyotofautishwa ili patisheni zote zisikaguliwe siku moja, au kila siku 180. Tangu toleo la 1.42 la e2fsprogs (kifurushi chenye e2fsck na mke2fs) la mwaka 2011 hilo limezimwa kwa chaguo-msingi. Mkilihitaji, tune2fs -c inalirudisha. Usitumie -i ya siku kwenye kifaa kisicho na betri ya saa, kwani kila kikiwaka kitadhani ni mwaka mwingine. Kwa tatizo hilo hilo, weka broken_system_clock kuwa kweli ndani ya e2fsck.conf, la sivyo utapata malalamiko kwamba diski ilipachikwa mara ya mwisho katika wakati ambao haujafika.

Chaguo la majaribio, yaani --rekebisha=hapana, lifuate -n ya e2fsck, lakini liandikiwe onyo kwenye msaada wake. -n haisomi upya daftari la mabadiliko kwa kuwa haiandiki chochote. Ukiiendesha juu ya patisheni iliyopachikwa, itaonyesha makosa ambayo si makosa, na mtu atakimbilia marekebisho yasiyohitajika.

Nikiyahesabu, machaguo yenu yanabaki sita: ukaguzi, rekebisha, faili la kutengua, kielezi cha maendeleo, mahali pa ripoti, na -- kwa mkaguzi wa ndani. Kumi na moja yaliyobaki mwulize mwenzako, kwa upole, kila moja litatumiwa na nani, na wakati huo atakuwa ameketi wapi.

Kabla ya kupeleka kifaa cha kwanza, tengenezeni picha ndogo za ext4 ndani ya mafaili ya kawaida, mziharibu kwa debugfs, zana ya kuhariri ndani ya ext4, kwa njia tofauti, na muendeshe amri yenu juu ya kila moja mara mbili. e2fsprogs wana ghala la picha za namna hiyo kwenye msimbo wao, kila moja ikiwa na matokeo yanayotarajiwa ya mara ya kwanza na ya pili. Mara ya kwanza inaweza kutoa 1 au 4. Ikitoa 1, mara ya pili lazima itoe 0. Ikitoa 4 chini ya marekebisho salama, linganisheni pia zile bloku zilizolalamikiwa kabla na baada, muone kwamba hazikuguswa.